Mzunguko wa Old Moshi kwa miguu: mifongo, boma na mti wa Mangi Meli

Mimi ni fundi mwashi, Mpare wa Same, na nimeoa Old Moshi. Kila tukipanda ukweni, baada ya chai na salamu zote za lazima, naaga nikazunguke. Wakwe wameshanizoea. Baba mkwe huniuliza, "Baba Glory, unaenda tena kupapasa mawe?" Namwambia ndiyo baba, anacheka kidogo, ananionyesha fimbo ilipo. Mama Glory mwenyewe hanifuati. Anasema mtu aliyekua akibeba majani ya ng'ombe kwenye hiyo miteremko hawezi tena kuipanda kwa starehe.

Mjini watu wananiuliza sana kuhusu picha ninazoweka, hasa za boma, ile ngome ya zamani ya Wajerumani, kwa hiyo leo naandika njia yenyewe. Nawajua watu waliozaliwa Majengo na Pasua ambao wamefika Marangu, wamefika Materuni, wamekwenda mpaka Chemka kuogelea, lakini Old Moshi wanaisikia kwa makonda tu. Na Moshi ilikuwa huko juu kabla ya huu mji wa chini kuwapo.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Himo, shuka Kiboriloni. Hapo kuna hiace na bodaboda za kupanda mlimani. Ukichukua bodaboda patana kabla hujakaa, maana katikati ya mlima huna ubavu wa kupatana. Mimi napenda hiace, hata kama inasubiri ijae, kwa sababu ndani yake unapata habari za vijiji vyote: nani kauza ng'ombe, nani kafiwa, ndoa ipi imeahirishwa. Nashukia Kidia. Kama ni masika, yaani Machi hadi Mei, vaa viatu vyenye meno au ahirisha safari. Ule udongo mwekundu ukilowa hauna huruma na mtu, hata mwenyeji.

Kidia kuna kanisa la Kilutheri, na hapo historia inaanza kukuvuta shati mapema. Wamisionari wa kwanza kukaa Moshi walikuwa Waanglikana wa CMS, mwaka 1885, kwa ruhusa ya Mangi Rindi, mtawala wa Moshi. Wajerumani walipopigwa na Wamoshi mwaka 1892 waliwashuku hao Waingereza kwamba wako upande wa Mangi, wakahakikisha wameondoka. Walutheri wa Leipzig walioingia Kilimanjaro mwaka 1893 ndio waliochukua nafasi. Mmoja wao, Bruno Gutmann, alikaa Old Moshi miaka mingi, akaondoka 1938, na aliandika sana kuhusu mila na sheria za Wachagga. Baba mkwe akibishana na mtu juu ya mambo ya mahari au mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, hufika mahali akamtaja Gutmann. Mimi humtania: Mchagga anathibitisha Uchagga wake kwa maandishi ya Mjerumani! Naye hunijibu kwamba Mpare angeenda mahakamani moja kwa moja, akauza ng'ombe wawili ashinde kesi ya kuku.

Sasa sikiliza. Wengi wakifika wanakwenda moja kwa moja Tsuduni, wanaangalia boma, wanapiga picha kwenye mti wa Mangi Meli, wanageuza. Mimi nakushauri uache boma kwanza. Panda. Pita katikati ya vihamba mpaka juu kabisa mwa makazi, halafu ndiyo uje Tsuduni kwa kushuka. Kwa mwendo wangu wa kusimama simama ni saa tatu au nne hivi kuzunguka kote mpaka kurudi barabarani.

Njia ya kupanda inafuata mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga. Hapa nitakaa kidogo, nisameheni, ni ugonjwa wa kazi.

Kwetu Upareni tuna ndiva. Unachimba bwawa dogo, unaliziba, maji ya kijito yanajaa usiku, asubuhi unafungua watu wamwagilie kwa zamu. Ni akili nzuri na naionea fahari. Mfongo wa Wachagga ni akili nyingine. Wanakwenda bondeni, juu sana, ambako mto bado uko karibu na usawa wa mgongo wa mlima. Wanatega maji pale, wanayatoa nje ya bonde kwa mfereji unaopita ubavuni mwa genge, polepole, unaambaa na mlima huku mto wenyewe ukizidi kuzama chini. Mpaka mfereji unapotokea kwenye vihamba, mto uko chini kabisa huko, hata sauti yake huisikii vizuri. Maji yameachana na mto bila pampu.

Mimi nikijenga msingi nachukua levo kwa mpira wa maji. Tunanunua mpira mweupe unaoona ndani, tunajaza maji, mmoja anashika huku mwingine kule, maji yakitulia pande zote mbili mnaweka alama. Ukikosea sentimita mbili tu kwenye nyumba ya mita kumi, mwenye nyumba atakutukana siku ya kuweka vigae. Sasa mfikirie mtu aliyepitisha mfongo kwa umbali mrefu, ubavuni mwa genge, bila mpira na bila pima maji. Ukiupa mteremko mkubwa maji yanakula kingo na kuubomoa, ukiupa mdogo yanalala na kujaza matope. Nilimuuliza baba mkwe walikuwa wanapimaje. Akasema, "Maji yenyewe ndiyo kipimo. Unachimba kidogo, unaachia, unaangalia yanataka nini." Nimejenga nyumba nyingi na sijasikia mhandisi aliyeeleza vizuri kuliko hapo.

Mfongo una wenyewe. Kwa kawaida ni wa ukoo wa yule aliyeuchimba, na zamu za maji zina utaratibu wake, na siku ya kuusafisha mwanaume asiyetokea na jembe anajulikana. Siku hizi mingine imekauka, mingine imepata mabomba juu yake, na vijana wengi wako Dar. Bado ukipita asubuhi utakuta mzee ameinama anafungua maji kwa kutoa bonge la majani na udongo, anayaelekeza kwenye migomba yake, halafu anaziba tena kwa bonge lilelile. Kazi ya dakika moja. Msalimie. "Shikamoo baba." Ukishapata marahaba, utaulizwa unatoka kwa nani, na ukimtaja mtu anayemjua hapo umefika nyumbani.

Vihamba vyenyewe mnavijua: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kwenye unyevu, zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba, makaburi ya wazee yamesakafiwa vizuri mahali pa kuonekana. Mipaka ni mimea ya masale. Usivunje sale la watu hovyo. Hilo ndilo jani la kuombea msamaha, mtu akikuletea sale huna namna ya kumkatalia, na mke wangu ana kaka zake wawili waliopatanishwa hivyo baada ya miaka ya kutosemeshana. Kahawa imepungua sana kwenye vihamba nilivyovikuta nilipooa. Watu wanang'oa wanapanda parachichi na ndizi. Baba mkwe ameibakiza yake mistari michache, anasema ile ndiyo iliyomsomesha, na hataki kuiona kuni.

Ukiendelea kupanda unafika mahali migomba inaachia na unaweza kugeuka ukaangalia ulikotoka. Hapo ndipo ninapotaka ufike kabla ya kuona ukuta wowote.

Uchagga wote umekaa kama vidole vya mkono uliolazwa mezani. Kila kidole ni mgongo wa ardhi nzuri wanakokaa watu, na kati ya kidole na kidole kuna korongo refu lenye mto. Kwenda kwa jirani yako wa upande wa pili, ambaye unamwona anaanika nguo, unashuka mpaka mtoni na kupanda tena, jasho linakutoka. Ndiyo maana kila mgongo ulikuwa na Mangi wake, na ndiyo maana hata Kichagga chao kinabadilika ukivuka mito michache. Kwa adui njia ya maana ni moja tu, kupanda kutoka chini kwa kufuata mgongo, huku wewe uko juu kwenye migomba unamwona.

Na chini pale unaona kila kitu. Siku ikiwa safi unauona mji wa Moshi, mashamba ya miwa ya TPC, na mbali zaidi bwawa la Nyumba ya Mungu linang'aa. Kushoto kuna milima ya kwetu, Upareni. Nikifika hapo huwa najaribu kukisia Same iko nyuma ya mlima upi. Misafara ya kutoka Pangani na Tanga ilikuwa inakuja kwa kufuata bonde la mto Pangani na milima ile ile. Vumbi lao lingeonekana kutoka hapa muda mrefu kabla hawajafika. Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alijenga utajiri wake kwa kukaa mahali hapa hapa: pembe na watumwa vikishuka, vitambaa na bunduki vikipanda. Kila mgeni aliyetaka kwenda mlimani alipita kwake. Mwingereza Harry Johnston alifika 1884. Mwaka uliofuata akaja Mjerumani Karl Jühlke na karatasi za mkataba. Rindi aliwapokea wote, na kila mmoja aliondoka akidhani ndiye aliyependwa zaidi.

Kwa hiyo mimi nasema ngome ya Moshi ni huu mgongo. Mjerumani alikuja kuweka mawe juu ya ngome ambayo ilikuwapo.

Na ukiwa umesimama pale juu, vita ya 1892 unaielewa bila kuelezwa. Rindi alikufa 1891, akaingia mwanawe Meli, kijana bado. Juni 1892 Wajerumani chini ya Luteni von Bülow wakapanda kuja kumwadabisha. Wakapanda ule mgongo. Wamoshi walikuwa kwenye migomba na bunduki ambazo Rindi alizikusanya miaka yote ile. Bülow akafa, jeshi lake likashuka mbio na Wajerumani wakaihama Kilimanjaro kwa muda. Mtu anayesoma habari hiyo akiwa amekaa kwenye kochi anaweza kushangaa jeshi lenye mizinga lilishindwaje. Mwambie apande kutoka Kiboriloni kwa miguu, saa sita mchana, na mzigo mgongoni.

Walirudi Agosti 1893, safari hii na gavana mwenyewe, von Schele, na jeshi kubwa zaidi. Meli akashindwa. Kituo cha kijeshi ambacho kilikuwa Marangu kikahamishiwa Moshi, akakishika Kapteni Kurt Johannes. Wazee wa huku husimulia kwamba walioyabeba mawe ya boma ni Wamoshi haohao walioshindwa. Sishangai. Boma la Arusha lilijengwa hivyohivyo, mwaka 1899 hadi 1900, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliokuwa wametoka kupigwa.

Boma la Arusha wengi mnalijua. Ni makumbusho ya elimu viumbe sasa, kuta nyeupe, unakata tiketi unaingia. Tsuduni usitegemee hivyo. Kilichobaki ni kidogo, na mtu asiyeonyeshwa anaweza kupita akifikiri ni ukuta wa zizi. Tafuta kijana wa pale akuongoze, wapo wanaofanya kazi hiyo na wanastahili chochote utakachowapa.

Ukifika, piga goti uangalie jiwe kwa karibu. Ni jiwe la mlima huu, la volkano, la kijivu linaloelekea weusi, lenye vitundu vidogo vidogo ambamo moshi wa jikoni na kuvu vimeingia miaka yote. Jiwe hili halitaki kuchongwa. Ukilipiga nyundo vibaya linapasuka linakotaka lenyewe, si unakotaka wewe, kwa hiyo fundi mzuri anachagua kuliko kuchonga: analigeuza mkononi mara mbili tatu, anatafuta uso wake, analilaza. Ukuta wa fundi wa namna hiyo nautambua kwa vijiwe vidogo vilivyopachikwa kati ya makubwa. Watu hudhani ni ujazo. Vile ndivyo vinavyozuia jiwe kubwa lisicheze. Nikiweka kidole kwenye nafasi ya namna hiyo najua kuna mtu alikuwa na hasira, hakutaka kuwa pale, hakulipwa, na bado mkono wake ulikataa kufanya kazi mbovu. Hilo linanisumbua kila mara. Sijui ningekuwa mimi ningelegeza jiwe moja makusudi.

Na msije mkasema mawe ni ujuzi wa kuletwa. Horombo wa Keni, kule Rombo, alijenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Mzungu yeyote hajauona huu mlima. Mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kibo mwaka 1848, na Horombo alikuwa ameshakufa vitani na Wamasai. Wanaopanda mlima wanalala kituo cha Horombo, wanapiga picha kwenye kibao, hawajui walilala kwenye jina la mjenzi. Sina wa Kibosho naye alikuwa na ngome iliyomsumbua Mjerumani Wissmann mwaka 1891, na aliyewasaidia Wajerumani kuivunja ni Rindi, baba yake Meli. Mambo ya Wachagga na majirani zao hayo. Sisi Wapare tulikuwa tunaangalia kutoka upande wa pili.

Kuhusu kukarabati nina neno moja. Kuta za zamani huku mlimani naona watu wakizipenda wanazipaka saruji. Acheni. Saruji ni ngumu kuliko kiungio cha zamani na haipumui. Maji ya mvua yakishaingia nyuma yake hayatoki, yanakaa, yanalainisha ndani, na baada ya miaka michache lipu inabanduka na uso wa jiwe pamoja nayo. Tumieni chokaa na mchanga, mjaze nafasi kwa vijiwe, na mng'oe miti inayoota juu ya ukuta ikiwa bado vidole, kabla mizizi haijawa minene. Kama kuna mtu anahusika na anasoma hapa, nitakuja siku mbili bure. Ya tatu tutapatana.

Kwa nini boma lilikufa? Reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, mwaka uleule waliohamia hapa juu. Ilitambaa kupita Korogwe na Mombo, ikapita kwetu Same, na ilifika chini ya mlima mwaka 1911, kilometa 352 kutoka Tanga. Treni haiwezi kupanda Tsuduni. Basi serikali, maduka na jina vikashuka kuifuata treni, na huku juu kukabaki kuitwa Moshi ya zamani. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya kuangalia njia ya misafara ilikosa kazi, maana mizigo sasa ilikuwa inakuja kwa ratiba. Babu yangu alifanya kibarua kwenye hiyo reli enzi za Mwingereza, kwa hiyo ukoo wetu unahusika kidogo na biashara ya Tsuduni kufa. Nimemwambia baba mkwe hivyo, akasema atadai fidia.

Kutoka boma mpaka kwenye mti si mbali. Hapo sitanii.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi 19. Meli alikuwamo, na Ngalami wa Siha, na Molelia wa Kibosho, na wengine mpaka wa upande wa Meru na Arusha. Walishtakiwa kwa njama ya kuwashambulia Wajerumani. Mangi Marealle wa Marangu alikuwa karibu sana na Johannes, na wanahistoria wengi wanasema habari za njama zilipelekwa naye. Mama Glory ana shangazi aliyeolewa Marangu, kwa hiyo hapo naishia.

Ukoo wa Meli husimulia kwamba hakufa haraka, alining'inia saa nyingi. Kichwa chake kilikatwa, na wanaamini kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake amekitafuta zaidi ya nusu ya umri wake, akiandika barua na baadaye akatoa vipimo vya vinasaba. Berlin kuna mafuvu yapatayo 1,100 ya watu wa Afrika Mashariki yaliyokusanywa enzi hizo kwa ajili ya kile walichokiita sayansi. Septemba 2023 walitangaza kwamba matatu yamepata ndugu walio hai Tanzania, na mojawapo ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli mwenyewe. La Meli halikuwamo.

Pale kwenye mti kuna sanamu yake ya kichwa na mabega, iliwekwa Machi 2019. Baadhi ya wageni huja wakaanza kuuliza ni tawi lipi. Mara moja nilikuwa pale na baba mkwe, na kijana mmoja mwenye kamera akamuuliza hivyo. Mzee akamwangalia, akamwambia, "Mwanangu, wewe kwenu mtu akifa mnauliza alilala upande gani wa kitanda?" Kijana akashusha kamera. Halafu mzee, maana ni mtu mwema, akamkalisha akamsimulia habari ya vita ya 1892 kwa kirefu, Wajerumani wakishuka mbio, mpaka yule kijana akawa anacheka. Nadhani alitaka aondoke na hiyo pia.

Kurudi ni kushuka tu. Unaweza kusubiri hiace, lakini mimi nashuka kwa miguu mpaka magoti yanapolalamika, na ninaposikia inakuja nasimamisha. Njiani ukikaribishwa mbege kubali japo funda moja. Ni ndizi na ulezi, na uchungu ule unaousikia ni wa magome ya msesewe. Ukikataa kabisa utaonekana unaringa, ukikubali kata ya pili ule mteremko utakuwa mrefu zaidi ya ulivyokuwa asubuhi. Beba maji, beba koti jepesi hata kama mjini kuna jua kali, na beba noti ndogo ndogo kwa sababu hakuna anayekuwa na chenji.

Safari ya mwisho nilipofika Kiboriloni simu ikaita, mama Glory anataka mkungu wa ndizi za mshare kwa ajili ya machalari ya wageni wa kesho. Nikaenda sokoni. Nikamkuta mama mmoja na mkungu mzuri, nikaanza kupatana kama kawaida yetu, nikataja nusu ya bei. Akanitazama viatu vilivyojaa udongo mwekundu.

"Unatoka juu?"

"Ndiyo mama. Ni ukweni."

"Umeoa kwa nani?"

Nikamtaja baba mkwe. Akapiga makofi. "Basi wewe ni mkwe wetu! Yule Mpare wa mawe!"

Nikajua nimepata bei ya ndugu. Nikatoa pesa niliyotaja.

"Hapana," akasema, "mkwe hapunguziwi. Mkwe analeta."

Nikalipa yote. Konda naye akadai nauli ya mkungu.